Viwembe vinne na Land Rover ya babu

Haya jamani, nimerudi. Najua nilipotea karibu mwezi mzima bila hata kusalimia, na wengine mmeniuliza kama nimefukuzwa chuo. Sijafukuzwa. Nilikuwa Mbulu kwa babu, na muda mwingi nilikuwa chini ya gari. Hata sasa hivi, nimekaa hapa Mlimani naandika, kucha zangu zina grisi ambayo sabuni imeishindwa. Mwenzangu wa chumbani kaniangalia mikono akauliza, "Hivi wewe unasoma historia au umehamia uinjinia?" Nikamwambia subiri nitaandika. Ndiyo haya sasa. Ni ndefu kidogo, mwenye chai achukue chai.

Babu ana Land Rover, ile ya zamani tunayoiita 109. Namba hiyo ni inchi za kutoka gurudumu la mbele hadi la nyuma, kama mita 2.77 hivi. Yake ni Series III, toleo lililotengenezwa Uingereza kuanzia 1971 hadi 1985, na hii ilitoka kiwandani 1976. Babu alikuwa dereva wa ofisi moja ya umma pale wilayani. Aliliendesha tangu 1978, na lilipowekwa kwenye mnada wa magari chakavu mwaka 1990 akalinunua mwenyewe. Yaani mzee huyu ameishi na hilo gari muda mrefu kuliko alivyoishi na baba yangu.

Nilipofika nikakuta kikao. Mdogo wangu wa kike amepata nafasi chuo cha uuguzi na ada inatakiwa. Gari lilikuwa limelala chini ya mkuyu miezi minne, haliwaki. Baba mdogo alikuwa na mawazo mawili: ama liuzwe kwa wanunuzi wa chuma chakavu, ama ling'olewe injini ya petroli, iwekwe ya dizeli ya Toyota, lianze kubeba watu na mizigo ya mnadani. Shangazi akasema liuzwe. Babu akanyamaza. Mimi, msomi wa familia, nikasimama nikatoa hotuba kwamba gari hili ni urithi, ni historia, likibadilishwa injini litakuwa si lenyewe tena. Nikatumia na neno "uhalisia". Jamani nikikumbuka naona aibu, mtaona kwa nini.

Babu akasema kitu kimoja tu: "Kabla hamjaligawana, ngoja kwanza liwake."

Kesho yake asubuhi akaniita. Betri ilikuwa dhaifu, haina nguvu ya kuzungusha injini, ikabidi tupige hendeli, ile fimbo ya chuma inayochomekwa mbele. Somo la kwanza lilikuwa kidole gumba. Usikizungushe kwenye hendeli, kikae upande mmoja na vidole vingine, kwa sababu injini ikirusha nyuma inakivunja. Nikazungusha mpaka jasho likanitoka. Kimya.

Babu akasema injini ya petroli inaulizwa maswali mawili tu: mafuta yanafika? moto unafika? Basi. Tukafungua bomba la mafuta pale kwenye kabureta, nikazungusha, petroli ikaruka. Swali la kwanza limejibiwa. Tukachomoa plagi moja, tukairudisha kwenye waya wake, tukailaza juu ya chuma cha injini, nikazungusha tena. Hakuna cheche. Kwa hiyo ugonjwa uko kwenye moto. Akafungua kifuniko cha distributa, akaniambia nitazame platini. Platini ni vile vibati viwili vinavyogusana na kuachana kila injini inapozunguka, na vinapoachana ndipo cheche inaruka kwenye plagi. Sasa kile kijiguu kinachosukuma kibati kilikuwa kimelika, vibati haviachani kabisa. Visipoachana hakuna cheche, na gari linabaki banda la kuku.

Tukavisugua kwa msasa laini. Halafu vinatakiwa viachane kwa nafasi ya milimita 0.35 hadi 0.40. Nikamuuliza babu kipimo kiko wapi. Akaingiza mkono mfuko wa shati akatoa viwembe vinne, vile vya kunyolea ndevu vya makali mawili, vimefungwa kwenye karatasi. Akavipanga pamoja, akavipitisha katikati ya platini, akakaza bisibisi. Kiwembe kimoja kina unene wa karibu milimita 0.1. Vinne ni 0.4. Mzee hajawahi kunitajia milimita hata moja maishani, ila hesabu ilikuwa mfukoni mwake.

Hendeli mara tatu, likawaka. Moshi, kuku wakakimbia, shangazi akapiga kigelegele akasahau kuwa yeye ndiye aliyesema liuzwe.

Jioni nikamuuliza babu kwa nini viwembe, kipimo chenyewe kinauzwa hata Karatu. Akaniambia, "Sasa hivi kinauzwa. Hukuwepo." Akaingia ndani akatoka na daftari.

Wanahistoria wenzangu, hapo ndipo moyo ulipodunda. Daftari kubwa la jalada gumu, limeandikwa kwa kalamu ya wino na penseli, kila ukarabati na tarehe yake, kuanzia Januari 1979. Tumefundishwa kutafuta nyaraka kwenye maktaba za kumbukumbu, kumbe babu ana yake chini ya godoro. Sikulala siku ile. Lakini ili muelewe nilichokisoma humo, ngoja nirudi nyuma kidogo.

Gari hili lilizaliwa na uhaba. Mwaka 1947 Uingereza ilikuwa imetoka vitani na haina chuma cha kutosha. Maurice Wilks, mbunifu mkuu wa kampuni ya Rover, alikuwa na shamba kisiwa cha Anglesey, Wales, na huko alitumia Jeep ya Kimarekani iliyobaki vitani. Akajiuliza ikimfia atanunua nini. Ndipo wakatengeneza gari lao, likaonyeshwa Amsterdam tarehe 30 Aprili 1948. Kwa kuwa chuma kilikuwa cha mgawo, bodi wakaitengeneza kwa aloi ya alumini. Paneli wakazifanya bapa, rahisi kukunja, na sehemu nyingi zikafungwa kwa bolti na nati za kawaida. Walidhani ni kazi ya muda tu mpaka magari yao ya kifahari yarudi sokoni. Kumbe lile la muda ndilo lililodumu, maana Defender, mjukuu wake wa mwisho wa ukoo ule, ilitoka kiwanda cha Solihull Januari 2016.

Kwetu lilifika wakati wa ukoloni, na baada ya uhuru wa 1961 likaendelea kuwa gari la serikali, la misheni na la hifadhi za wanyama. Babu anasema enzi zao, kijiji kikisikia mlio wa Land Rover kinajua serikali imefika, na si kila mtu alifurahi. Wakati wa kuhamishia watu vijijini, miaka ya 1973 hadi 1976, mlio huo huo uliwafanya wengine wakimbilie porini. Nimeandika hili kwa sababu tukizungumzia magari ya zamani tunapenda sana kusema "enzi zile nzuri". Mzee mwenyewe hasemi hivyo.

Sasa tuje 1977. Jumuiya ya Afrika Mashariki inavunjika, na mpaka wa Tanzania na Kenya unafungwa, haukufunguliwa mpaka Novemba 1983. Kwa watu wa upande wetu (Mbulu wakati huo ilikuwa mkoa wa Arusha, Manyara ilizaliwa 2002) hii haikuwa habari ya redioni tu. Namanga si mbali na Arusha, na ng'ambo ya pale, Thika, kulikuwa na kiwanda kilichounganisha Land Rover. Spea zilikuwa karibu kabisa, ila mlango umefungwa. Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yakavamia Kagera. Magari ya ofisi na ya raia yakachukuliwa kwenda mbele. Ofisi ya babu ilikuwa na Land Rover tatu, mbili zikaenda, hazikurudi. Kampala ikaanguka Aprili 1979, lakini mwaka huo huo bei ya mafuta duniani ikapanda tena, na fedha za kigeni zikawa hakuna. Magari binafsi yakakatazwa kutembea Jumapili mchana bila kibali. Sabuni ya shida, sukari ya foleni. Spea ya Land Rover ungeipata wapi?

Basi daftari la babu linaanzia hapo, kwenye gari moja lililobaki kwa wilaya nzima. Machi 1980: gasketi ya pampu ya maji imekatwa kwenye boksi gumu na kulowekwa grisi. Agosti 1981: bamba moja la springi limevunjika, limewekwa la lori lililokufa, mhunzi kalikata. Kuna ukurasa mzima wa kuziba rejeta. Kuna mahali ameandika kwamba viwembe vyenyewe vimepotea madukani, na mwalimu fulani amempa vyake vilivyotumika. Hapo nilicheka peke yangu usiku. Fikiria, kipimo cha gari la ofisi ya wilaya ni viwembe chakavu vya mwalimu.

Lakini msidhani ni ujanja mtupu wa kufurahia. Kuna siku moja mwaka 1983 ameandika maneno mawili tu: "Breki. Tumepona." Nikamuuliza. Akakaa kimya kidogo, kisha akasema mafuta ya breki yalikuwa hayapatikani, akaweka ya kwenye injini. Mafuta ya namna ile yanavimbisha mipira ya ndani ya breki, inalainika na kukwama. Wakiwa wanateremka mlima Magara, pedali ikazama hadi sakafuni. Breki za gari lile zilikuwa za mzunguko mmoja, ukiharibika mahali pamoja umekosa zote. Akashuka gia, akalisugulisha ubavuni mwa mlima mpaka likasimama. Utingo wake alivunjika mguu, na hadi alipofariki alitembea kwa kuchechemea. "Ile si ufundi," babu akaniambia. "Ile ni shida. Usije ukaandika kwamba ni ufundi." Nimeandika kama alivyosema.

Halafu nikagundua kitu. Mhadhiri wetu mmoja hupenda kusema nyaraka isomwe kwa kilichomo na kwa kisichokuwemo. Nikaanza kuorodhesha maneno. Plagi: inaanza kuonekana Juni 1982. Platini: Juni 1982. Kabureta: Julai 1982. Kabla ya hapo, miaka mitatu na nusu, hakuna hata moja! Badala yake kuna nozeli, kuna kutoa hewa kwenye mabomba ya mafuta. Na kati ya Mei na Juni 1982 kurasa mbili zimechanwa.

Mnaojua magari mmeshaelewa. Nozeli na kutoa hewa ni mambo ya dizeli, dizeli haina plagi za cheche wala platini. Asubuhi nikaenda na tochi kusoma namba ya chasisi. Kwenye Land Rover za zamani tarakimu za mwanzo zinataja aina ya gari, na nilipozilinganisha na orodha, gari la babu lilitoka kiwandani likiwa la dizeli. Yaani ile injini ya petroli niliyoitetea kikaoni kwa machozi, nikaiita uhalisia na urithi, haikuzaliwa na lile gari.

Nikamfuata babu zizini. "Babu, hii injini imetoka wapi?"

Akaendelea kukamua. Akauliza, "Umeona zile kurasa?"

"Nimeona hazipo."

Akacheka, halafu akanieleza. Mwaka 1982 pampu ya dizeli ilikufa, na hakuna aliyeweza kuipata. Gari lilikuwa ndilo linalopeleka dawa na chanjo vijijini. Injini ya dizeli na ya petroli za wakati ule, zote za lita 2.25, zinakaa kwenye chasisi mahali pamoja, kwa hiyo kubadilishana si kazi kubwa. Kilichokosekana ni injini. Ikapatikana moja ng'ambo ya mpaka uliofungwa, ya Land Rover iliyopinduka. Ilivuka usiku, vipande vipande, na mkubwa wake ofisini alijua bila kuuliza. Babu akaandika yote kwenye daftari, bei, majina, kila kitu, kwa sababu ndiyo tabia yake.

Kisha ikaja 1983. Waziri Mkuu Edward Sokoine akaanzisha msako dhidi ya wahujumu uchumi, sheria ikapitishwa, watu wakakamatwa, wengine wakatupa bidhaa mitoni wasikutwe nazo. Babu akachana zile kurasa mbili akazichoma jikoni kwa bibi. Hakuwa mlanguzi, hakupata hata senti. Lakini injini ya magendo ni injini ya magendo. Miaka zaidi ya 40 hakumwambia mtu, hata baba mdogo aliyekulia kwenye lile gari hakujua. "Niliogopa miaka miwili," akasema, "halafu nikazoea kunyamaza."

Niliondoka zizini nimetulia sana. Kwenye kitabu cha historia ungesoma kwamba 1977 mpaka ulifungwa, 1983 msako ukaanza, na kuanzia bajeti ya 1984/85 wenye fedha zao za kigeni wakaruhusiwa kuingiza bidhaa, pikapu za Kijapani zikaanza kumiminika. Mistari mitatu. Sikuwahi kufikiri kwamba katikati ya mistari hiyo kuna dereva amesimama jikoni anachoma kurasa, ili watoto wa Mbulu wapate chanjo na yeye asipate jela.

Na pia nikaona kosa langu. Tunapenda kusema Land Rover haifi. Oktoba 2024 Arusha kulifanyika tamasha kubwa la Land Rover, mamia ya magari yalikusanyika, na picha zake mmeziona, yanang'aa. Yanastahili. Ila kwa nilichosoma kwenye lile daftari, Land Rover ilikufa mara nyingi sana, na kila mara kuna mtu aliifufua kwa boksi, kwa bamba la lori, kwa viwembe vya mwalimu. Nilihesabu: rejeta si yake, giaboksi iliwekwa 1987, mlango wa kushoto ni wa gari la zamani zaidi, na injini ilivuka mpaka usiku. Kilichobaki vilevile tangu mwanzo ni chasisi na babu.

Jumapili kikao kikarudiwa. Nikasimama tena, safari hii bila hotuba. Nikasema nimejifunza kwamba gari lilizaliwa la dizeli, na likirudi kwenye dizeli halipotezi kitu. Babu mwenyewe akaeleza habari ya 1982 mbele ya wote. Baba mdogo alimtazama mzee muda mrefu, halafu akasema, "Baba, mimi nilikuwa nakuona mwoga." Hakuna aliyejibu.

Tukakubaliana hivi. Injini ya Toyota iwekwe, ile 3L ya lita 2.8 inayojulikana kwenye Hilux na Hiace, kwa sababu spea zake zipo hadi kwenye duka la soda. Fundi mmoja Karatu atachonga pleti ya kuiunganisha na giaboksi, na baba mdogo ameapa hatalikimbiza, maana giaboksi ni ya mwaka 1976 kwa umbo hata kama si kwa tarehe. Namba ya injini iko kwenye kadi ya gari, kwa hiyo kadi nayo itafuata, safari hii kila kitu mchana kweupe. Na breki tumeweka silinda mpya za magurudumu yote manne na mafuta yanayotakiwa. Babu alisimamia mwenyewe kila nati. Kwenye breki hakutaka kusikia habari ya kubuni chochote. Pesa ya mnadani ndiyo italipa ada ya mdogo wangu, tumuombee Mungu.

Ile injini ya petroli haikuuzwa. Imefunikwa turubai ghalani. Shangazi anauliza ya nini, babu anasema, "Ilinitesa, nayo ikae."

Siku ya kuondoka aliniita akanipa daftari, pamoja na kalamu. Macho yake hayaoni tena mistari. Nikaandika tarehe, nikaandika: injini imetolewa, imewekwa ya dizeli. Akauliza, "Umeandika na ilikotoka ya zamani?" Nikamwambia bado. "Andika," akasema, "sasa hakuna wa kunikamata." Nikaandika yote, yeye akinisomea bei na majina kutoka kichwani, na nikashangaa hakuwa amesahau hata jina moja. Hayo majina siyaweki hapa, ni ya daftarini.

Nimeamua tasnifu yangu ya mwaka wa tatu itakuwa juu ya madereva na mafundi wa miaka ile ya shida. Kwa hiyo naomba: mwenye babu, mjomba au jirani aliyeshika usukani kati ya 1977 na 1985, muulizeni alivyokuwa anapata spea. Muulizeni taratibu, na msimkatishe akinyamaza. Kama ana daftari, lipigeni picha kabla panya hawajaliona.

Haya, nina jaribio keshokutwa na sijafungua kitu. Viwembe vinne vya babu viko hapa mezani, amenipa na karatasi yake. Mwenzangu wa chumbani alitaka kunyolea kimoja jana. Tumekosana kidogo.

Tuonane wiki ijayo, wapendwa. Usiku mwema.